Sauti ya Kihindi Pwani na Mpakani: Tahakiki ya Utafiti wa Andrew Eisenberg

Utangulizi

Athari ya muziki wa Kihindi katika Afrika ya Mashariki imetajwa mara nyingi kuliko ilivyochunguzwa. Aghalabu waandishi wa habari za taarab wameridhika kusema kwamba mahadhi fulani yametoka katika filamu, kisha wakaendelea na mambo mengine, kana kwamba kutaja chimbuko ni sawa na kueleza maana. Ni jambo la kushukuriwa, kwa hiyo, kwamba Andrew Eisenberg ameuchukua muziki huo uliokuwa ukiwekwa kando akaufanya kiini cha utafiti. Makala yake ya mwaka 2017 juu ya taarab ya Kihindi ya pwani ya Kenya, na kitabu chake "Sounds of Other Shores" kilichotolewa na Wesleyan University Press mwaka 2024, ni kazi ambazo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawezi tena kuzipuuza.

Makala haya yanakusudia kuupima utafiti huo, lakini si kwa kuusimamisha mahali ulipozaliwa, yaani Mombasa. Yanauchukua hadi mwisho wa njia ya reli upande wa Kenya, katika mji wa Malaba, na hadi Busia, mji jirani uliofikiwa kwa barabara. Kisha yanauliza kama nadharia iliyojengwa pwani inaweza kusimama huko. Neno "Wahindi" linatumika hapa kwa maana yake ya Kiswahili cha kila siku: watu wote wenye asili ya Bara Hindi, pamoja na wale ambao nchi ya wazee wao imekuwa ndani ya Pakistani tangu mwaka 1947.

Mafanikio ya utafiti

Mnyonge mnyongeni, na haki yake mpeni. Kabla ya kuonyesha mapungufu, hapana budi kueleza ni jambo gani lililofanikiwa.

Kazi za awali ziliifungua njia kwa sehemu. Laura Fair, katika maandishi yake juu ya Siti binti Saad na baadaye katika "Reel Pleasures" ya mwaka 2018, alionyesha jinsi santuri na sinema zilivyoingia katika maisha ya watu wa Unguja na miji ya Tanganyika. Janet Topp Fargion, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya taarab ya Zanzibar, aliifuata historia ya fani hiyo kwa karne nzima. Inafahamika kwamba Siti alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Hivyo sauti ya Kiswahili ilipata sahani yake ya santuri katika mji wa Kihindi. Hata hivyo, katika kazi hizo muziki wa Kihindi ni sehemu moja tu ya habari kubwa zaidi.

Eisenberg amekwenda mbali zaidi kwa kuuliza swali ambalo wengi waliliona la aibu: kwa nini Mswahili wa Mombasa aimbe kwa sauti ya Mhindi? Wapo waliojibu haraka kwamba huo ni uigaji mtupu, dalili ya umaskini wa ubunifu. Eisenberg analikataa jibu hilo. Anawasikiliza waimbaji kama Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye aliyaimba mashairi ya jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Anaonyesha kwamba wasikilizaji walijua vizuri kabisa kuwa mahadhi ni ya kuazima, na kwamba raha yao ilitoka katika kujua huko. Maneno yalikuwa Kiswahili cha ndani kabisa cha Mvita. Sauti ilikuwa ya mbali. Katika nafasi iliyo baina ya hayo mawili, watu walipata mahali pa kutafakari utata wa kuwa Mswahili katika Kenya ya kikoloni na ile ya baada ya uhuru.

Hoja hiyo ina faida kubwa kwa wahakiki wa ushairi. Kwa kawaida mashairi ya "Malenga wa Mvita" husomwa darasani kama maandishi, na mizani zake huhesabiwa kwa vidole. Utafiti huu unakumbusha kwamba mengi ya mashairi ya shule hiyo yaliwafikia watu kwa njia ya koo, na kwamba mshairi anayepokea mahadhi yaliyokwisha kutengenezwa na mgeni anakabiliwa na kazi ngumu ya kuipatanisha mizani ya Kiswahili na pumzi ya wimbo usiokuwa wa Kiswahili. Hilo ni suala la fani, na halitatatuliwa na mwanamuziki peke yake wala na mwanalugha peke yake.

Uhindi upi?

Pamoja na sifa hizo, liko swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya kuondoka pwani. Inaposemwa kwamba sauti fulani ni ya Kihindi, husemwa ni Uhindi upi?

Vyombo vyenyewe vinatoa onyo. Harimoniamu, kile kinanda cha mvukuto kinachosikika katika taarab ya Kihindi ya Mombasa, asili yake ni Ulaya. Wahindi walikirekebisha kipigwe kwa mkono mmoja mpigaji akiwa ameketi chini. Wataalamu na wazalendo wengi wa India walikiona chombo hicho kuwa kigeni kisichoweza kuzifuata sauti za utelezi za muziki wao, hata Redio ya India yote ikakipiga marufuku mwaka 1940, na marufuku hiyo haikuanza kulegezwa hadi mwaka 1971. Katika miaka ya 1950 waziri aliyesimamia redio hiyo, B. V. Keskar, alizibana pia nyimbo za filamu kwa kuziona duni. Wasikilizaji wakahamia Redio ya Ceylon. Kwa hiyo, wakati uleule Mombasa ilipokuwa ikikisikia kinanda hicho na nyimbo hizo kama roho ya Uhindi, walinzi wa utamaduni huko India walikuwa wakizikana. Tashkota nayo, chombo kingine cha taarab ya Mombasa, imelibeba jina lake kutoka Japani, ambako kiliitwa taishogoto, kikapitia India ndipo kikafika Afrika.

Lugha inatoa onyo la pili, na hili ni zito zaidi. Wengi wa Wahindi wa Afrika ya Mashariki walizungumza Kigujarati, Kikachi, Kipunjabi au Kikonkani nyumbani mwao. Kihindi na Kiurdu cha filamu, kwa walio wengi wao, kilikuwa lugha ya shuleni, ya dini au ya sinema. Maana yake ni kwamba mwenye duka wa Kigujarati na mteja wake Mwafrika, wakisikia wimbo mmoja wa filamu ya Raj Kapoor, wote wawili walikuwa wakiisikiliza lugha ambayo si ya mama zao. Tofauti yao ilikuwa ya daraja la ugeni tu. Mtafiti anayewagawa wasikilizaji katika mafungu mawili, wenyewe na waazimaji, analazimika kueleza mpaka huo umepita wapi.

Njia ya garimoshi

Ni katika neno "mpaka" ndipo safari ya kwenda Malaba inapoanza. Jina la kitabu cha Eisenberg linazungumzia ng'ambo ya bahari, na ni sawa kwa Mombasa. Lakini bahari haikuwa njia pekee. Kati ya miaka ya 1896 na 1901 vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Kiasi cha 2,500 walifariki kazini, na takriban 6,700 walibaki. Mwaka 1902 wilaya za Magharibi, zilizokuwa chini ya Uganda, zilihamishiwa upande wa Kenya, na hivyo Wateso, Wasamia na jamaa zao wakajikuta wamekatwa na mstari ambao hawakuuchora. Baadaye reli nyingine ilipita Nakuru na Eldoret, ikauvuka mstari huo Malaba, ikaingia Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Nyuma ya reli, na mara nyingine mbele yake, yalikuja maduka. Alidina Visram, mfanyabiashara mzaliwa wa Kachi aliyefariki mwaka 1916, alikuwa amekwisha kufungua matawi mengi bara na Uganda kabla ya hapo.

Anayetazama mambo kutoka Malaba hamwoni Mhindi ng'ambo ya bahari. Humwona nyuma ya meza ya duka. Tofauti hiyo ya mahali inaonekana ndogo, lakini inageuza swali lote.

Mfano mmoja unatosha. Katika miaka ya 1970 duka la Chandarana la mjini Kericho lilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa sahani za muziki huko bara. Lilirekodi wanamuziki wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa, akiwamo Kipchamba arap Tapotuk, na nyimbo zao zilikuwa katika lugha zao wenyewe. Hapa hakuna mahadhi ya filamu wala sauti ya Kihindi iliyoigwa. Hata hivyo, bila jamaa ya Kihindi iliyosimama kati ya mpiga gitaa na msikilizaji, sehemu kubwa ya muziki huo isingehifadhiwa. Je, hiyo si historia ya Wahindi na muziki? Utafiti unaotafuta Uhindi katika mahadhi peke yake hautaiona, kwa sababu umejifunza kutambua kitu kwa jinsi kinavyosikika, na si kwa kazi kilichofanya.

Neno lililovuka mpaka

Wanalugha wanao mfano ambao ungeweza kumsaidia mtafiti wa muziki, nao unapatikana papo hapo mpakani. Neno "gari" limetoka katika lugha za Bara Hindi. Kiswahili kililipokea, kikaliunganisha na neno la Kibantu, likazaliwa "garimoshi". Kiganda nacho kililipokea, na treni ikaitwa "eggaali y'omukka", yaani gari la moshi. Lakini "eggaali" yenyewe, ikisimama peke yake, mara nyingi ina maana ya baiskeli. Hivyo katika Busia mtu anayevuka kutoka Kenya kwenda Uganda hulivuka pia neno moja la Kihindi likibadilika maana: huku ni chombo cha injini, kule ni chombo cha miguu. Na ni kwa baiskeli hizo za mpakani kwamba neno "bodaboda" lilienea, likatoka Busia na Malaba likashuka hadi Mombasa na Dar es Salaam. Bara nalo hupeleka maneno pwani.

Hakuna mwanalugha atakayesema kwamba anayetamka "gari" anauigiza Uhindi, au anatafakari nafsi yake kwa kutumia Uhindi. Neno limekwisha kuwa la hapa. Kati ya hali hiyo na hali ya taarab ya Kihindi, ambamo ugeni wa sauti unahifadhiwa kwa makusudi, ziko hali nyingi za katikati. Nadharia ya Eisenberg inaieleza vizuri sana hali moja ya mwisho, ile ya ugeni unaosikika. Haina chombo cha kuieleza ile nyingine, ya ugeni uliozoeleka hata ukasahauliwa. Huku mpakani hiyo ya pili ndiyo iliyo nyingi.

Yaliyomo hatarini

Huenda ikasemwa kwamba si haki kukilaumu kitabu cha Mombasa kwa kutokuwa kitabu cha Malaba. Pingamizi hilo lina nguvu, na lingetosha kama jambo lingekuwa la jiografia tu. Lakini kuna jambo kubwa zaidi, nalo linahusu watu.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, akawapa siku 90. Hoja yake, ikivuliwa matusi, ilikuwa moja: watu hawa ni wapitaji, kwao ni ng'ambo. Wengi waliondoka kwa ndege kutoka Entebbe. Wengine walipanda treni zilizovuka Malaba kwenda Mombasa kutafuta meli za India. Waliruhusiwa kuchukua fedha kidogo tu, kiasi cha pauni 50 hivi kwa jamaa. Mtu anayeondoka kwa namna hiyo hachukui kinanda wala sanduku la sahani za santuri. Njia iliyouleta muziki huo bara ndiyo iliyowatoa wenyewe, wakielekea pwani.

Wala Kenya haiwezi kunawa mikono. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo maalumu, na maduka mengi ya Kihindi ya miji midogo ya bara yalifungwa kabla Amin hajasema neno. Pia si haki kuyapamba maduka hayo kwa kumbukumbu tamu. Mfumo wa kikoloni ulimweka Mhindi kati ya Mzungu na Mwafrika, na mkulima wa Kiteso aliyeuza pamba yake kwa bei ndogo hakuwa na sababu ya kumwona mwenye duka kama ndugu. Mhakiki anayeusahau uchungu huo atakuwa anaandika utenzi wa sifa tu.

Hata hivyo, hatari ya nadharia ya ng'ambo ni kwamba, bila ya mwandishi wake kukusudia, inaafikiana na dhana ileile iliyoandika amri ya 1972: kwamba Uhindi ni kitu kinachokuja kutoka mbali na kubaki cha mbali. Mwezi Julai 1997 haukuwa na tangazo kama lile la Julai 2017, ambapo serikali ya Kenya iliwatangaza Wahindi kuwa kabila la 44 la nchi. Tangazo hilo lina maana gani kwa wataalamu? Kama Wahindi ni kabila la Kenya, basi nyimbo zao ni nyimbo za Kenya: kirtani ya Masingasinga, ginani ya Waismailia, bhajani na garba za Wahindu, zilizoimbwa miaka mingi katika miji ya bara palipokuwa na jamaa za kutosha kukusanyika. Nyimbo hizo hazikuazimwa na Waswahili wala hazikuwafikia majirani wengi; kwa hiyo hazina nafasi katika utafiti wa uazimaji. Lakini bila hizo, yule Mhindi anayeigwa katika taarab hubaki sauti isiyo na mwili.

Somo hilo linarudi hadi Mombasa yenyewe. Sahani za Mzuri, zilizosambaza taarab ya pwani, zilitolewa na duka la Assanand la papo hapo mjini. Mombasa ni bandari, lakini pia ni kituo cha kwanza cha reli ileile inayoishia Malaba. Mhindi wa Mombasa naye alikuwa jirani, mfanyabiashara na mrekodi kabla ya kuwa mwangwi wa ng'ambo. Kitabu cha Eisenberg kingepata nguvu zaidi kama masikio yake, yaliyo makali kuelekea baharini, yangegeuka mara moja kuelekea stesheni.

Kazi iliyobaki

Tahakiki isiyoonyesha njia ni kelele. Kutokana na yaliyosemwa, kazi tatu zinajitokeza kwa idara za lugha zilizo karibu na mpaka.

Kwanza ni kukusanya msamiati wa muziki na biashara ya muziki katika Kiteso, Kisamia, Kikhayo, Kiganda na Kiswahili cha mpakani, na kuonyesha kila neno la asili ya Bara Hindi lilivyobadilika likivuka. Jina "santuri", kwa mfano, lilikuwa la chombo cha nyuzi huko Uajemi na nchi jirani kabla Kiswahili hakijalipa kazi ya kutaja sahani ya muziki.

Pili ni filamu zinazosimuliwa. Uganda kuna wasimulizi kama VJ Jingo wanaozigeuza filamu za kigeni kwa Kiganda. Kenya yuko DJ Afro anayezisimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Busia inakaa baina ya mapokeo hayo mawili. Wimbo unapoanza katika filamu ya Kihindi, msimulizi hufanya nini? Hunyamaza, huuruka, au huutolea maneno yake? Jibu la swali hilo litaonyesha jinsi msikilizaji wa leo anavyofundishwa kuusikia Uhindi, na litakuwa mwendelezo wa kweli wa kazi iliyoanzwa na Juma Bhalo kwa kinanda chake.

Tatu, na ndiyo yenye haraka, ni ushuhuda wa watu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita 70. Wapo waliosalia Kenya, wapo walioko Uingereza na Kanada, na wapo majirani zao Wateso na Wasamia waliokuwa wakisimama mlangoni pa duka kusikiliza. Kila upande una nusu ya habari.

Utafiti wa Eisenberg umethibitisha kwamba wimbo wa kuazima unaweza kubeba fikra nzito. Sifa hiyo itabaki. Ila sauti haiishi pale inapoacha kusikika kuwa ngeni. Mara nyingine hapo ndipo inapoanza kuwa ya watu wote, na ndipo inapomhitaji mtaalamu zaidi.